Godoro Lililosema "Ila"

Jamani, hodi ya hadithi!

"Karibu, tumekaa!"

Niimege au niilete nzima?

"Ilete nzima, tuna njaa!"

Ikiwa chungu?

"Tutameza!"

Ikiwa tamu?

"Tutaomba tena!"

Haya, sogezeni miguu, mpeni nafasi na mdogo wenu hapo pembeni asikie.

Hapo kale, wanyama walipochoka kulala juu ya mawe na mizizi, Kiboko alifungua kiwanda cha magodoro. Si magodoro haya ya sponji, la. Magodoro ya sufi, ile pamba nyepesi inayotoka kwenye maganda ya msufi, ambayo ikipeperuka unaweza kudhani mawingu yameshuka kutembea.

Kiwandani walikuwamo wafanyakazi wanne. Punda alibeba magunia ya sufi kutoka msituni. Mama Kanga aliichambua sufi na kuijaza ndani ya vitambaa. Mzee Nungu, yaani nungunungu, yule mwenye miiba mgongoni, alishona. Hakuhitaji sindano ya dukani. Alichomoa mwiba wake mmoja, akautoboa tundu, akatia uzi, chwip, chwip, chwip, godoro limefungwa.

Na wa nne alikuwa Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, kama mkonga uliosahau kukua. Kazi yake ilikuwa kunusa. Mbegu moja ya msufi ikibaki ndani ya godoro, anayelala atageuka mpaka jogoo awike. Basi Sange aliingia ndani ya sufi, nus nus nus, akatoka na mbegu mdomoni, tfu!

Sange alikuwa na mtoto mchanga, jina lake Kipua. Alikuja naye kazini mgongoni. Siku ya kwanza Mzee Nungu alimwona anahangaika, akakusanya mabaki ya sufi kwenye kona yake, akasema, "Mlaze hapa, mwanangu. Hapa hapana upepo."

Kisha Mzee Nungu akageuka, akaubana mgongo wake ukutani, ili miiba isimkaribie mtoto. Ukutani kulikuwa na giza, akashona huku amekaza macho. Akashona hivyo kutwa nzima, na kesho yake, na siku zote. Hakusema kwa nini. Sange alikuwa analiona jambo lile kila siku, na kila siku lilimpasha moto kifuani.

Hapo mwanzo kazi ilikwenda kwa wimbo. Punda alianza kwa sauti yake ya bati, wengine wakaitikia:

*Sufi laini, jaza!*
*Sindano kali, vuta!*
*Anayelala, alale!*
*Aliyeshona, naye!*

Jua likifika utosini, waliweka kazi chini, wakanywa uji, wakajinyoosha kidogo. Wakiamka, mikono ilikuwa myepesi kama sufi yenyewe.

Lakini Kiboko alitazama magodoro, akaona mengi. Akataka mengi zaidi.

Akafungua mdomo wake, ule mdomo unaoweza kuingiza mkokoteni na msukumaji wake, akasema, "Mkilala nyinyi, magodoro yatashonwa na nani? Mapumziko marufuku!"

Wakaacha kupumzika.

Kiboko akatazama magodoro, akaona mengi. Akataka mengi zaidi. Akasema, "Mdomo ukiimba, mkono unacheza. Wimbo marufuku!"

Wakaacha kuimba. Kiwanda kikawa kimya, ikabaki chwip, chwip tu.

Na Kiboko mwenyewe? Jua likifika utosini aliingia ghalani, akajitupa juu ya godoro jipya, puuu! Akakoroma, khrrr-fyuu, khrrr-fyuu. Ukimuuliza, alisema, "Silali mimi. Napima magodoro."

Basi kila asubuhi Kiboko alisimama mlangoni akawasalimu. Alipenda sana kusalimu, maana salamu haikumgharimu kitu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Habari za nyumbani?"

"Salama!"

Kiboko akafurahi. Kama wote ni salama, basi wanaweza kuongeza bidii.

Lakini nyinyi mnajua sisi tunavyosalimiana. Mtu hasemi "nimekufa" moja kwa moja. Anasema kwanza "salama", kisha anavuta pumzi, kisha anasema "ila". Salama, ila mtoto ana homa. Salama, ila paa linavuja. Ile salama ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko kwenye ila.

Asubuhi moja Punda akajibu kama alivyofunzwa na mama yake. "Salama, Bwana Mkubwa, ila mgongo..."

"Nani kasema ila?" Kiboko alinguruma mpaka sufi ikaruka hewani. "Magodoro yangu hayana ila, na wafanyakazi wangu hawana ila! Kiwanda hiki hakitaki ila ya aina yoyote. Umesikia, Punda?"

"Nimesikia."

"Mgongo wako haujambo?"

Punda akameza mate. "Haujambo, Bwana Mkubwa."

Toka siku hiyo wakawa wanameza. Wakiulizwa hamjambo, wanajibu hatujambo, halafu ile ila inayotaka kutoka wanaimeza, glup! Punda, glup! Mama Kanga, glup! Mzee Nungu, glup! Sange naye, glup!

Tena ajabu, magodoro yakaanza kuharibika.

Punda, kwa maumivu ya mgongo, alikuwa hachagui tena magunia. Alibeba lililo karibu, likiwa kavu au limelowa. Mama Kanga alikuwa na mayai yanataka kutoka na hana pa kutagia, wala hana nafasi ya kutoka nje. Siku moja akataga yai ndani ya sufi bila kujua, akalijaza godoroni, likashonwa humo humo. Godoro likanunuliwa na Kobe. Haukupita muda, Kobe akarudi kiwandani polepole, na nyuma yake kifaranga kinalia, "Mama! Mama!"

"Mimi si mama," Kobe akasema kwa uchungu. "Mimi ni babu wa watu. Nililala na godoro, nimeamka na mtoto."

Mama Kanga akaruka. "Wa kwangu! Ni wa kwangu huyo!" Akamfunika kifaranga kwa bawa, huku anacheka na kulia pamoja.

Lakini lililokuwa baya zaidi lilikuwa la Mzee Nungu. Miiba ilianza kumdondoka. Sasa nungunungu huchomoa mwiba anapoutaka, lakini hii ilikuwa inaanguka yenyewe, tik, tik, kama majani ya mti wenye kiu. Mmoja ukaangukia ndani ya godoro, godoro likanunuliwa na mke wa Nyati. Mke wa Nyati akajilaza, aah, kisha akaruka, yowe! Alitua juu ya paa la jikoni, na kumshusha kulihitaji majirani na ngazi.

Kiboko akawaita wote. Aliushika ule mwiba juu.

"Nungu. Huu ni wa nani?"

"Wangu, Bwana Mkubwa."

"Binti wa Tembo anaolewa Ijumaa. Wameagiza godoro kubwa kuliko yote. Mwiba mmoja, nasema mmoja tu, ukionekana ndani ya godoro la bibi harusi, wewe nje! Sitaki kukuona hapa."

Mzee Nungu akainamisha kichwa, na mwiba mwingine ukaanguka, tik.

Sange akaona. Alijiuliza ni nani atamwajiri nungunungu mzee ambaye miiba yake inapukutika. Hakuna. Alimtazama Kipua amelala kwenye kona ile isiyo na upepo, akahisi pua yake inalowa.

Akaenda kwa Kiboko peke yake.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Godoro la bibi harusi litaharibika. Si kwa sababu ya uvivu. Tuulize sisi tunaolitengeneza, tutakwambia kinachotusumbua, na la kufanya tunalijua."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika, bwo bwo bwo. "Sange! Wewe umefika urefu wa kifungo cha shati. Lini kifungo kikamshauri mwenye shati? Rudi ukanuse mbegu."

"Haya, Bwana Mkubwa. Lakini unajua ila ikimezwa inakwenda wapi?"

"Inakwenda tumboni, inaoza huko."

"Haiozi," Sange akasema. "Inashuka mikononi. Na mikono yetu inashinda ndani ya magodoro yako."

"Upuuzi! Nenda!"

Sange akaenda. Lakini aliona kwamba Kiboko, badala ya kuendelea kucheka, alijikuna sikio.

Alhamisi, magodoro matatu yalikuwa ghalani, yamepangwa chini, yamebakiza kushonwa pembe tu: la kwanza la kawaida, la pili la kawaida, na la tatu ni lile kubwa la bibi harusi. Kabla jua halijafika utosini, Sange alimfuata Mzee Nungu.

"Mzee, kila godoro niachie pembe moja. Usiishone."

"Kwa nini, mwanangu? Nitafukuzwa."

"Hata usiponiachia utafukuzwa, Mzee wangu. Niachie pembe."

Mzee Nungu alimtazama kwa macho yake mekundu. Akaacha pembe. Kisha akasema, "Mtoto nitamwangalia," akajisogeza karibu na Kipua, mgongo ukutani.

Jua likafika utosini. Kiboko akaingia ghalani, akajitupa juu ya godoro la kwanza, puuu! Ndani ya pembe ya godoro, Sange alirushwa juu, akarudi chini, sufi ikamjaa masikioni. Akajikusanya. Akasubiri mpaka khrrr ya kwanza ikaanza, kabla ya fyuu. Ndipo akasema kwa pua, taratibu:

"Hujaaambo, bwana?"

Sasa Kiboko ana mabaya yake, lakini alilelewa. Aliyelelewa akisalimiwa hujibu, hata akiwa usingizini.

"Sijambo," akajibu, amefumba macho. "Wewe je, hujambo?"

"Sijambo, ila mgongo unaniuma."

Jicho moja la Kiboko likafunguka. "Nani huyo?"

"Mimi godoro."

Na la pili likafunguka. "Tangu lini godoro likawa na mgongo?"

"Mimi sina. Huu ni wa Punda. Alitaka kukwambia mlangoni, ukamkataza, akaumeza, ukashuka mikononi, ukaingia kwangu. Aaa, mgongo wangu! Magunia ya upande mmoja, upande mmoja, kila siku upande mmoja..."

Kiboko akaruka. Mnyama mkubwa vile, akaruka kama panzi. Akahamia godoro la pili, puuu! Sange akachomoka pembeni, pim pim pim pim, akazama kwenye pembe ya godoro la pili kabla Kiboko hajajifunika uso.

"Hujaaambo, bwana?"

Kiboko akanyamaza. Lakini salamu ni deni, haikai kooni.

"Si... sijambo. Wewe je?"

"Sijambo, ila nina mayai."

"Mayai!"

"Nina mayai, na sina pa kutagia. Nikitaga hapa yatakanyagwa, nikitoka nje nitagombezwa. Nikae nayo mpaka lini, bwana? Wewe umewahi kukaa na yai?"

"Sijawahi!" Kiboko akalia.

Hapo vumbi la sufi likamwingia Sange ndani kabisa ya ile pua ndefu. Akajizuia, akajizuia, ikashindikana. "Chwe!"

Kiboko akakaa kitako. "Godoro lina mafua?"

"Ni ya Sange," godoro likajibu haraka. "Aliyameza jana asubuhi."

"Jamani! Kumbe na hayo!" Kiboko akashika kichwa. Sasa alikuwa anawaza harusi. Aliona kwa macho yake bibi harusi anajilaza, bwana harusi anajilaza, wakwe wako nje wanapiga vigelegele, mara godoro linaanza kuwaeleza habari za mgongo wa Punda. Jina lake lote lingeishia pale. Akakimbilia godoro la bibi harusi kulisikiliza. Safari hii hakujitupa. Alijilaza polepole kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

"Hujambo, godoro?" alianza yeye mwenyewe.

"Sijambo," Sange akajibu, "ila..."

Akasimama hapo.

Ya Punda na ya Mama Kanga zilikuwa zimeshasemwa, ikabaki ya Mzee Nungu. Ila iliyomo ilipaswa kuwa yake. Na Sange, ndani ya giza lile la sufi, akagundua kwamba haijui. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, Mzee Nungu." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." "Salama?" "Salama tu." Akamlaza Kipua, akaenda zake. Pua yake inaweza kupata mbegu moja ndani ya magunia kumi, lakini kwa Mzee Nungu ilipita tu. Miiba aliiona inavyoanguka. Hakuwahi kusubiri asikie kinachofuata baada ya salama.

Akataka kutunga uongo. Ulimi ukakataa.

"Ila nini?" Kiboko akauliza.

Kimya.

"Ila nini, godoro?" Na kimya kile kilimtisha kuliko maneno yote. Akapiga kelele, sauti ikavuka ukuta, ikajaa kiwandani, "Ila nini? Jamani, ila nini?"

Upande wa pili wa ukuta, karibu na Kipua, Mzee Nungu alikuwa anashona. Akasikia. Hakuna aliyewahi kumuuliza vile, na hapa Bwana Mkubwa mwenyewe anauliza kwa sauti yote, karibu kulia. Akafikiri anaulizwa yeye. Ataulizwa nani mwingine? Akaweka uzi chini, akaingia ghalani, anatetemeka, tik, tik, tik.

"Ila mke wangu, Bwana Mkubwa," akasema.

Kiboko akageuka. Ndani ya godoro, Sange akatega sikio.

"Mke wangu anaumwa tangu masika. Mbavu. Analala juu ya majani, na majani yakikauka yanamchoma, basi usiku namgeuza, nampepea, namgeuza. Asubuhi nakuja kushona magodoro ya watu. Nikishona namwaza yeye. Nikimwaza yeye, mwiba unaanguka. Ukianguka naogopa. Nikiogopa, unaanguka mwingine." Akafuta macho. "Nungunungu akiisha miiba ni panya tu, Bwana Mkubwa. Na mke wangu aliolewa na nungunungu."

Punda na Mama Kanga nao walikuwa wamefika mlangoni.

Kiboko alimtazama Mzee Nungu, akalitazama godoro. "Ndiyo iliyokuwa humu?" akaliuliza.

"Ndiyo hiyo," godoro likajibu, kwa sauti ndogo sana. "Lakini imeshatoka. Imetoka kwa sababu umeuliza."

"Zote zinatoka kwa kuuliza?"

"Zote. Ila moja tu..."

"Ila nini?" Kiboko akadakia. Kumbe ukishazoea neno hili, linakuja lenyewe.

"Waliomeza ndio wajuao dawa. Ukiuliza ila, uliza na dawa yake."

Basi palepale Kiboko akaanza kuuliza, na aliuliza kama mtu anayezima moto. Punda, ila nini, na dawa yake nini? Punda akasema anataka magunia mawili madogo, moja kila upande, na sufi ianikwe msituni kabla haijabebwa, maana ikikauka ni nyepesi. Mama Kanga, ila nini, na dawa yake nini? Akataka kapu moja pembeni, lenye sufi kidogo, basi. "Nikijua mayai yako wapi, akili yangu inarudi kwenye kazi," akasema. Sange naye alikuwa amechomoka pembeni kimyakimya na kujiunga nao, masikio yamejaa sufi. Akaulizwa. Akasema, "Mafua yangu, Bwana Mkubwa, ni vumbi tu. Tufungue dirisha. Na tuimbe. Tukiimba vumbi linatoka kifuani."

"Na wewe ulijuaje kuhusu mafua?" Kiboko akauliza.

"Ni mafua yangu," Sange akajibu. "Nisipoyajua mimi, atayajua nani?"

Kiboko akaona ni kweli.

"Na Mzee Nungu?" akauliza. "Dawa yake nini?"

Mzee Nungu hakuthubutu kusema. Alitazama chini tu. Mama Kanga ndiye aliyesema, maana kina mama hawashindwi. "Bwana Mkubwa, kutwa nzima anashona magodoro, na mkewe yuko juu ya majani. Dawa hujaiona? Umeikanyaga."

Kiboko akatazama chini ya miguu yake. Katika kuulizauliza alikuwa amesogea mpaka juu ya godoro la kwanza. Tamaa ikamvuta mkono wa kulia, woga ukamvuta wa kushoto. Mwisho akasema, "Achukue hili lenye mgongo wa Punda. Hata hivyo siwezi kuliuza."

Punda akalibeba mwenyewe mpaka kwa mke wa Mzee Nungu, nusu upande huu, nusu upande ule, bila gunia lolote. Mama huyo akalala, na godoro halikumwambia neno lolote usiku kucha. Mzee Nungu naye akalala.

Lilibaki godoro la bibi harusi. Walilifumua lote, wakatoa sufi, Sange akaingia, nus nus nus, akatoka na miiba miwili, tfu, tfu! Wakajaza upya, dirisha wazi, wimbo juu:

*Sufi laini, jaza!*
*Sindano kali, vuta!*

Ijumaa asubuhi akaja Shangazi wa bibi harusi, maana ni desturi yao, shangazi ndiye akaguaye kitanda cha mwali. Alikuwa Tembo mkubwa, mzito, wa kuogopwa. Hakugusa kwa mkonga. Aligeuka, akalilenga, akakaa. Puuuuuu!

Kiboko akaziba masikio. Mama Kanga akaziba macho ya kifaranga chake. Mzee Nungu alisimama karibu na Sange, na Sange akaushika mkono wake, ingawa kuushika mkono wa nungunungu si mchezo.

Shangazi akasogea kulia. Akasogea kushoto. Akajilaza. Akanyamaza muda mrefu, mpaka wakafikiri amechomwa akafa.

Kumbe amelala.

Walipomwamsha, harusi ilikuwa inangoja. Akasema, "Nani kashona hili?"

Mzee Nungu akajikokota mbele.

"Godoro hili halina ila," Shangazi akasema. "Usiache kazi, baba. Nina wapwa sita hawajaolewa."

Kiboko alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Siku hiyo hiyo akaanza kutangaza mjini kote kwamba yeye ndiye aliyegundua kuuliza wafanyakazi, wazo lilimjia akiwa amelala. Nao wakamwacha aseme. Hata hilo la kulala halikuwa uongo.

Na mapumziko je? Sange aliyarudisha kwa mlango wa nyuma. Alimwambia Kiboko kwamba ila iliyobaki ndani ya godoro husikika na aliyeimeza tu, kwa hiyo kila jua likifika utosini, wafanyakazi wenyewe lazima walale juu ya magodoro kuyasikiliza. Kiboko, kwa kutaka magodoro bora, akakubali. Ikawa saa ile Punda anapima, Mama Kanga anapima, Mzee Nungu anapima, Sange na Kipua wanapima kwa pamoja, na Kiboko mwenye kiwanda anapita katikati yao kwa ncha za vidole, anafukuza nzi, anawanong'oneza ndege nje wanyamaze. Magodoro yakawa mengi kuliko alivyowahi kutaka.

Lakini yeye mwenyewe hakuthubutu tena kulala juu ya godoro. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko analala majini. Maji hayana kawaida ya kusalimu. Hata hivyo utamwona ameacha masikio nje, kwa tahadhari.

Na funzo la hadithi yetu, watoto, ni hili, lishikeni sana. Ukiulizwa hujambo, jibu sijambo, ufunge mdomo, usiwasumbue wakubwa na mambo yako. Ukiwa mdogo, usimshauri mkubwa, maana wakubwa wanajua yote. Tena ni vibaya mno kuingia ndani ya godoro la mtu na kumdanganya, hata kama mzee unayempenda atafukuzwa kazi. Sange alifanya makosa makubwa sana. Ukimwona popote, mpe uji, mpokee mtoto, kisha umwambie nimesema alifanya vibaya.

Hadithi yangu nimeimwaga hapo. Mwenye bakuli akinge, asiye na bakuli alambe vidole!

"Tumelamba!"

Imetosha?

"Imetosha, ila..."

Ila nini?